Kutengeneza na Kutunza Projekta Kongwe za Sinema: Somo kwa Mafundi na Shule za Bonde la Rukwa

Projekta ya sinema ya milimita 16 ni chombo kilichokwisha kupitwa na wakati madukani, lakini kazi yake haijakwisha. Kwa muda wa zaidi ya miaka 50 ndicho chombo kilichopeleka picha zinazotembea katika vijiji vya Tanganyika na baadaye vya Tanzania. Mwaka 1935 jaribio la sinema ya elimu lilianzishwa likiwa na makao yake Vugiri, karibu na Korogwe, chini ya uongozi wa Meja L. A. Notcutt, na sehemu kubwa ya gharama zake ilitolewa na shirika la Carnegie la New York. Hadi lilipofungwa mwaka 1937 lilikuwa limetengeneza filamu 35, zote za milimita 16. Wakati huo sauti haikuwa juu ya ukanda wenyewe, bali ilikuwa katika sahani za santuri zilizopigwa sambamba na picha, na vyombo vyote vilisafirishwa kwa lori kutoka kituo hadi kituo. Baada ya Uhuru magari ya sinema ya serikali yaliendeleza desturi hiyo, na mwaka 1968 Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa ili nchi itengeneze filamu zake yenyewe.

Kisha zikaja kanda za video, na baada yake picha za kidijiti. Projekta zikafungiwa katika stoo za shule, za misheni na za ofisi, pamoja na makopo ya filamu. Leo mtu akifungua stoo ya namna hiyo na kukuta mashine na makopo, jambo la kwanza linalomjia ni kuchomeka waya ukutani na kuona kama mashine bado inafanya kazi. Jambo hilo ndilo la hatari kuliko yote. Projekta mbovu haikosi tu kuonyesha filamu, bali huiharibu. Filamu nyingine ni nakala ya pekee iliyobaki ya mkutano, ya ngoma, ya shamba la mfano au ya sura za watu waliokwisha kufariki. Ikichanika au ikikwaruzwa urefu wake wote, hakuna fundi duniani atakayeirudisha ilivyokuwa.

Kwa hiyo makala haya yanakusudia kumweleza msomaji namna projekta inavyofanya kazi, namna ya kuikagua na kuitengeneza, na namna ya kuutunza ukanda. Tutachukua Mtowisa kama mahali pa mfano. Mtowisa iko katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukingo mkubwa wa Lyamba lya Mfipa, na huko maadui wote wa mashine hii hukutana: joto, vumbi la kiangazi, unyevu wa masika, na umbali kutoka kwenye maduka ya vipuri.

PROJEKTA NI NDUGU YA CHEREHANI

Mtu asiyewahi kufungua projekta huiona kuwa ni mashine ya ajabu. Kwa kweli Mtowisa, kama ilivyo katika vijiji vingine vyote, wako watu wanaoijua nusu yake bila ya wao kutambua. Hao ni mafundi cherehani.

Tazama kitambaa kinavyokwenda chini ya sindano. Hakivutwi moja kwa moja kama kamba. Meno yaliyo chini ya bamba huinuka, hukishika kitambaa, hukisogeza mbele kwa urefu wa mshono mmoja, kisha hushuka na kurudi nyuma yakiwa chini, tayari kuinuka tena. Wakati meno yanaporudi, kitambaa kimesimama, na sindano hupata nafasi ya kufanya kazi yake. Ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, walitumia kanuni hiyohiyo katika mashine yao ya mwaka 1895. Badala ya meno waliweka ukucha unaoingia katika matundu ya ukanda, ukauvuta chini kwa kiasi cha picha moja, ukatoka, ukapanda na kuingia katika tundu la juu.

Katika filamu ya sauti ukucha hufanya hivyo mara 24 kila sekunde, yaani mara 1,440 kwa dakika. Rili kubwa ya futi 1,600, yaani mita 488, ina picha 64,000, nayo huchukua dakika 44 hivi. Msomaji apime mwenyewe uzito wa hesabu hiyo: kama ncha ya ukucha imechongeka na inang'ata ukingo wa tundu, basi katika onyesho moja tu imeng'ata mara 64,000.

Wakati ukucha unapouvuta ukanda, picha haipaswi kuonekana, maana macho yangeona michirizi mitupu. Kwa hiyo kipo kisahani chenye mapanga kinachozunguka mbele ya taa na kuikata nuru wakati huo. Lakini nuru inayokatwa mara 24 tu kwa sekunde huonekana ikipepesa. Ili kuepuka hilo, kisahani hupewa panga la pili au la tatu, likaikata nuru hata picha ikiwa imesimama. Hivyo kila picha huangaza mara mbili au tatu, na macho hupata miako 48 au 72 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo mpepeso karibu hautambulikani, na ubongo huunganisha picha zilizosimama zikawa mwendo.

KITANZI NA SAUTI

Sehemu ya pili ya kueleweka ni kitanzi. Magurudumu ya meno yanayoulisha na kuupokea ukanda huzunguka bila ya kusimama, ilhali ukucha huuvuta kwa mapigo. Kama ukanda ungekazwa kati ya viwili hivyo, ungekatika mara moja. Kwa sababu hiyo huachwa kitanzi juu ya mlango wa picha na kingine chini yake. Vitanzi hivyo hupanuka na kusinyaa kwa kila pigo, kama kiwiko cha mtu anayepokea mizigo kwa mwenzake.

Baada ya kitanzi cha chini ukanda huingia katika ngoma ya sauti. Hapo ni lazima uende kwa ulaini kabisa, na gurudumu zito lililofungwa kwenye ekseli ya ngoma hufuta mitikisiko iliyobaki. Taa ndogo hutupa mstari mwembamba wa nuru juu ya njia ya sauti iliyoko ukingoni mwa ukanda. Njia hiyo ina weusi na weupe unaobadilika kufuata mawimbi ya sauti. Nuru inayopenya huangukia seli ya nuru, nayo huigeuza kuwa umeme unaopandashuka, na amplifaya huukuza hadi uweze kuendesha spika.

Kasi ya ukanda ni picha 24 kwa sekunde, na kila picha huchukua milimita 7.62; kwa hiyo ukanda hupita milimita 183 kwa sekunde. Sauti nyembamba yenye mitetemo 5,000 kwa sekunde huandikwa katika mawimbi yenye urefu wa milimita 183 zikigawanywa kwa 5,000, yaani chini ya sehemu 4 za mia za milimita moja. Chembe moja ya vumbi la barabarani inaweza kulifunika wimbi zima. Ndiyo maana projekta chafu huzungumza kama mtu mwenye mafua, hata kama amplifaya yake ni nzima.

Katika ukanda wa milimita 16 sauti hutangulia picha yake kwa picha 26, yaani sentimita 20 hivi, maana seli ya nuru haiwezi kukaa palepale penye mlango wa picha. Kitanzi cha chini kikiwa kikubwa au kidogo mno, midomo na maneno havitakubaliana. Hilo si kosa la amplifaya, wala fundi asiifungue kwa sababu hiyo.

UKAGUZI KABLA YA UMEME

Kanuni ya kwanza ya fundi ni hii: mashine huzungushwa kwa mkono kabla ya kuzungushwa kwa umeme, huzungushwa tupu kabla ya kulishwa ukanda, na hulishwa ukanda usio na thamani kabla ya ule wenye thamani. Anayefuata utaratibu huo hawezi kupata hasara kubwa.

Fungua mfuniko na utafute kishikio cha kuzungushia kwa mkono. Mashine nyingi wanacho. Zungusha taratibu. Kama panakwama, usilazimishe. Mara nyingi grisi ya zamani imekauka ikawa kama nta. Iondoe kwa mafuta ya taa kidogo na brashi ya meno, katika sehemu za chuma peke yake, mbali na mpira, plastiki, lenzi na nyaya. Usitumie petroli kamwe. Mvuke wake hulipuka kwa cheche ndogo ya mota. Zikishakauka, tia mafuta ya cherehani tone moja moja mahali palipoonyeshwa, na katika tambi za sufi zinazopeleka mafuta kwenye ekseli. Mafuta ya injini ni mazito mno, na mafuta ya kupikia huganda. Mafuta yakizidi hurukia ukanda na kuvuta vumbi. Kwa hiyo upungufu mdogo una nafuu kuliko wingi.

Pili, angalia mikanda ya kuendeshea. Mpira wa zamani hugeuka kuwa mgumu kama mti au laini kama lami. Ule uliogeuka lami futa kwa spiriti, usiache hata alama. Mkanda mpya ukikosekana, pima mzingo na unene, kisha tafuta pete ya mpira ya mviringo inayolingana.

Tatu, angalia gia. Katika baadhi ya mashine za Bell & Howell za miaka ya 1970 gia ya parafujo iliundwa kwa plastiki, na plastiki hiyo hupasuka kwa uzee hata kama mashine haikutumika. Gia yenye ufa isiendeshwe. Itabidi ichongwe nyingine kwa shaba nyeupe katika karakana yenye mashine ya kukerezea, au ichapwe kwa printa ya pande tatu, ambayo siku hizi inapatikana katika baadhi ya vyuo vyetu vya ufundi.

Nne, na muhimu kuliko zote, ni mlango wa picha, yaani njia nyembamba ambamo ukanda hupita mbele ya taa. Hapa hujikusanya vumbi na mabaki ya tabaka la picha, yakagandamana yakawa magumu kama jiwe. Kijiwe kimoja chaweza kuchora mstari katika picha zote 64,000. Lowesha kwa spiriti, subiri, kisha kwangua kwa kijiti cha mwanzi. Usitumie bisibisi wala kisu, kwa kuwa mkwaruzo utakaouacha katika chuma utakuwa adui wa kudumu wa kila ukanda utakaopita.

Mwisho pitisha ukanda wa majaribio, yaani kipande kisicho na thamani, ukizungusha kwa mkono. Kitoe, kielekeze kwenye nuru kwa mshazari, ukitafute mstari mpya au ukingo wa tundu ulioraruka. Ukiona alama, rudia kusafisha kabla ya kuendelea.

UMEME

Hapa palipo na hatari kwa mwili wa mtu, na msomaji asiyekuwa na ujuzi wa umeme asimamiwe na fundi anayestahili. Waya wa ukutani wa mashine kongwe aghalabu una nyuzi mbili tu na mpira uliopasuka. Ubadilishwe kwa waya wa nyuzi tatu, na wa tatu ufungwe barabara kwenye bodi ya chuma na kuunganishwa na ardhi. Ndani ya nyumba ya taa ya mashine za zamani waya unaweza kuwa umefunikwa kwa asibesto, nyuzi nyeupe au za kijivu zinazofanana na pamba. Usizikwangue wala kuzipuliza, maana vumbi lake lina sumu ya mapafu, mwachie mtaalamu.

Amplifaya ya vali huwa na volti 250 au zaidi, na kapasita zake huweza kushikilia umeme huo hata baada ya waya kuchomolewa. Zimwagwe umeme kwa ukinzani wa ohmu 10,000 wenye uwezo wa wati 5, na kipimo kithibitishe kuwa volti zimeisha kabla ya mkono kuingia.

Kuwasha kwa mara ya kwanza kufanywe kwa taa ya mfululizo. Ondoa taa kubwa ya projekta, uache mota imezimwa, kisha unganisha balbu ya kawaida ya waya mwekundu ya wati 60 katika njia ya umeme unaoingia kwenye mashine. Kama balbu itawaka kwa nguvu mara moja kisha ikafifia, mzunguko uko salama. Kama itaendelea kuwaka kwa nguvu, ndani yake pana njia ya mkato: zima, utafute. Balbu ya shilingi chache imekuokolea transfoma isiyopatikana dukani.

Soma kibao cha mashine. Nyingine zilitengenezwa kwa ajili ya Marekani, nazo hutaka volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, ilhali kwetu umeme ni volti 230 na mizunguko 50. Transfoma hurekebisha volti, lakini hairekebishi mizunguko. Mota inayofuata mizunguko itapungua kasi kwa sehemu moja ya sita, na picha 24 zitakuwa 20. Sauti nayo itakuwa nzito, hata sauti ya mwanamke ikakaribia kuwa ya mwanamume. Dawa yake ni kubadili puli, si kubadili amplifaya.

Taa kubwa nayo ina hesabu yake. Mashine nyingi za miaka ya baadaye hutumia taa ya halojeni ya volti 24 na wati 250, inayovuta zaidi ya ampea 10. Mguso hafifu kwenye soketi, kwa ampea hizo, huchemka na kuunguza soketi yenyewe. Kwa hiyo safisha miguu ya soketi kwanza. Usishike kioo cha taa kwa vidole vitupu, maana jasho huacha doa linalopasuka kwa joto. Taa isiwashwe kamwe kama feni haizunguki. Na ikumbukwe kwamba volti zikizidi kwa asilimia 5 tu, umri wa taa hupungua kwa karibu nusu. Zikipungua kwa asilimia 5, nuru hupungua kwa asilimia 16 hivi, lakini umri huwa karibu mara mbili. Mahali ambapo taa nyingine itatoka mbali, kama Mtowisa, ni busara kuendesha chini kidogo ya kipimo.

LENZI NA UKUTA

Dirisha la picha katika projekta ya milimita 16 lina upana wa milimita 9.65. Tukitupa picha yenye upana wa mita 2 juu ya shuka jeupe, tumeikuza mara 207. Vumbi la sehemu moja ya kumi ya milimita litaonekana na upana wa sentimita 2. Hili lamtosha mtu kuelewa kwa nini dirisha hupigwa brashi laini kabla ya kila rili.

Umbali nao hupatikana kwa hesabu: urefu wa kitovu cha lenzi mara ukuzaji. Kwa lenzi ya milimita 50, umbali ni milimita 50 mara 207, yaani mita 10 na ziada kidogo. Ukiongeza umbali mara mbili, picha hupanuka mara mbili kwa upana na mara mbili kwa kimo, na nuru ileile hugawanywa juu ya eneo mara nne. Mwenye taa dhaifu asogeze mashine karibu na kuridhika na picha ndogo yenye nuru.

Katika masika kuvu huota juu ya lenzi, ikaonekana kama utando wa buibui. Ikifutwa mapema kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo huondoka. Ikiachwa, asidi yake hula kioo, na alama haziondoki tena. Lenzi hupenda hewa na nuru. Begi la ngozi lililofungwa ndilo shamba la kuvu.

UKANDA WENYEWE

Mashine ikishapona, bado ukanda haujapewa ruhusa ya kupita. Kampuni ya Kodak ilipoanzisha milimita 16 mwaka 1923, iliujenga ukanda huo juu ya asetati ya selulosi, ambayo haishiki moto kwa urahisi, ili utumike majumbani na mashuleni bila ya hatari. Ukanda mpana wa milimita 35 wa kabla ya miaka ya 1950 ni jambo jingine: unaweza kuwa wa nitrati, unaowaka kwa ukali na usiozimika kwa maji. Ukiukuta, usiuzungushe katika projekta yoyote. Uweke mahali penye ubaridi na hewa, mbali na watu, uarifu wenye ujuzi.

Asetati nayo ina ugonjwa wake. Joto na unyevu huivunja, ikatoa asidi ileile iliyomo katika siki, na asidi hiyo huharakisha kuvunjika zaidi. Pua ndicho kipimo cha kwanza: kopo likinuka siki, ugonjwa umekwisha kuanza. Kopo hilo litengwe na mengine, maana mvuke wake huyadhuru yaliyo mazima.

Kipimo cha pili ni kusinyaa. Katika ukanda mzima, picha 100 zina urefu wa milimita 762, ambazo ni inchi 30 kamili. Utandaze juu ya meza bila ya kuuvuta, pima kwa futi ya chuma kuanzia ukingo wa tundu la kwanza hadi ukingo uleule wa tundu la 101. Upungufu wa milimita 6 ni karibu asilimia 0.8. Ukifikia hapo, matundu hayalingani tena na meno ya magurudumu, na ukanda usipitishwe katika projekta. Hata hivyo haujapotea: unaweza kunakiliwa picha moja moja kwa mashine maalumu isiyotumia meno, ukahifadhiwa kidijiti. Ukanda uliochanika kwa haraka ya onyesho moja hauna nafasi hiyo.

BONDENI NA MLIMANI

Taasisi ya Image Permanence Institute ya Rochester, Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 1993, ilikadiria kwamba ukanda mpya wa asetati ukikaa katika nyuzi 21 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 50, utachukua miaka 40 hivi kabla ya ugonjwa wa siki kuanza. Joto la bonde la Rukwa huzidi kiasi hicho kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Lakini maumbile yamewapa wakazi wa huko msaada ambao watu wa pwani hawana. Ziwa Rukwa liko katika kimo cha mita 800 hivi, na mji wa Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, uko juu yake kwa takriban mita 900. Hewa hupoa karibu nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 za kupanda; kwa hiyo mlimani pana ubaridi wa nyuzi 6 hivi kuliko bondeni. Tukichukua kanuni ya tahadhari kwamba kasi ya mabadiliko ya kikemia huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10, tofauti hiyo ya nyuzi 6 huipunguza kasi kwa theluthi moja. Uhai unaokwisha bondeni kwa miaka 10, mlimani utachukua miaka 15. Gharama yake ni nauli ya gari la kupanda Lyamba lya Mfipa tu.

Ushauri basi ni kwamba mashine ikae Mtowisa, karibu na wanafunzi na mafundi, na makopo ya filamu yakae Ufipa, katika chumba kikavu chenye dari, juu ya rafu, yakilazwa na si kusimamishwa. Yasifunikwe kwa plastiki iliyobana, maana asidi huhitaji kutoka. Yateremshwe kwa siku ya onyesho, na yakifika bondeni yasifunguliwe upesi; yaachwe saa kadhaa ili joto lilingane, jasho lisijifanye juu ya ukanda baridi.

NANI ATAITENGENEZA?

Wengine watasema kwamba vipuri havipo na mafundi wamekwisha. Uwanda wa Ufipa ni mahali ambapo wahunzi walijenga tanuru ndefu kuliko kimo cha mtu, zilizoitwa malungu, wakayeyusha chuma kwa upepo uliojivuta wenyewe bila ya mivuo. Watu waliopima hewa, udongo na mkaa kwa macho na uzoefu hawakuwa na duka la vipuri. Projekta ya milimita 16 ni mashine ya aina hiyo: kila sehemu yake inaonekana kwa macho, inashikika kwa mkono, na inaweza kuelezwa kwa hesabu ya sekondari. Fundi cherehani ataelewa ukucha, fundi baiskeli ataelewa magurudumu na mikanda, fundi redio ataelewa amplifaya, na mwalimu wa fizikia ataelewa lenzi. Wanne hao wakikaa meza moja kwa siku chache wana ujuzi wote unaotakiwa.

Faida ya shule ni kubwa. Katika chombo hiki kimoja mwanafunzi hukuta mwendo wa gia, ukuzaji wa lenzi, seli ya nuru, transfoma na mawimbi ya sauti. Simu ya mkononi huonyesha picha nzuri zaidi, lakini haimwonyeshi mtazamaji namna inavyozionyesha.

RATIBA YA MATUNZO

Kabla ya kila rili: piga brashi mlango wa picha na ngoma ya sauti, hakikisha vitanzi viwili. Baada ya onyesho: acha feni izunguke hadi nyumba ya taa ipoe, kisha funika mashine kwa kitambaa cha pamba. Kila mwezi: zungusha mashine dakika 10 bila ya ukanda, ili mafuta yasigande na mikanda isishike umbo. Kabla na baada ya masika: kagua lenzi na nyaya. Kila mwaka: pima ukanda mmoja mmoja, uandike vipimo katika daftari, maana ugonjwa unaoandikwa huonekana ukija.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Skrini ina upana wa mita 3 na lenzi ni ya milimita 50. Projekta iwekwe umbali gani?

2. Picha 100 za ukanda mkongwe zimepimwa kuwa milimita 755. Je, ukanda huo upitishwe katika projekta?

3. Mota inayofuata mizunguko 60 inaendeshwa kwa umeme wa mizunguko 50. Rili ya picha 64,000 itachukua dakika ngapi?

Majibu: (1) Mita 15 na nusu hivi. (2) Umesinyaa kwa asilimia 0.9, usipitishwe, unakiliwe. (3) Dakika 53 hivi, badala ya 44.